Kusafisha Suti, Sufu na Hariri Bila Dawa za Drai Klini

Dawa iliyozoeleka zaidi kwenye mashine za drai klini ni tetrakloroethilini, ambayo wenye kazi huiita perki. Inang'oa mafuta vizuri sana, lakini mvuke wake huleta kizunguzungu na kuumwa kichwa, na kwa anayeuvuta kila siku kazini huumiza ini na figo. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani (IARC) limeiweka kundi la 2A, yaani kemikali ambazo kuna uwezekano mkubwa zinasababisha saratani kwa binadamu. Ikimwagika hupenya hata sakafu ya zege, na kwa kuwa ni nzito kuliko maji, huzama hadi kwenye maji ya ardhini na kukaa humo miaka mingi. Jimbo la California lilikomesha matumizi yake kwenye drai klini mwaka 2023.

Nguo nyingi zinazopelekwa kwenye dawa hiyo zinaweza kusafishwa kwa maji. Sufu haiogopi maji. Inaogopa joto, msuguano na sabuni kali vikikutana. Uzi wa sufu una magamba madogo. Kwenye maji ya moto yenye sabuni kali magamba hayo huinuka, nguo ikisuguliwa hunasana, na yakishanasana hayaachani. Ndiyo maana sweta iliyorudi ikawa ndogo hairefuki tena hata ukiivuta.

Anza na lebo. Duara lenye herufi P linaruhusu perki, lenye F linaruhusu dawa za jamii ya petroli tu, na lenye W lina maana kwamba fundi anaweza kuifua kwa maji. Ukiona alama ya beseni iliyokatwa kwa msalaba, usiifue nyumbani. Kisha pima rangi: lowesha kitambaa cheupe kwa maji yenye tone la sabuni utakayotumia, kibane kwenye upindo wa ndani kwa dakika 2 hadi 3. Kikitoka na rangi, nguo hiyo itachuja. Pima pia bitana peke yake, kwa sababu mara nyingi koti halichuji na bitana yake inachuja.

Kwa sweta, skafu, sketi isiyo na bitana au blauzi ya hariri, weka lita 5 za maji yasiyozidi nyuzi 30 kwenye beseni, na vijiko 2 vya chai vya sabuni ya maji ya sufu na hariri. Isiwe na vimeng'enya vya kula protini, maana sufu na hariri zenyewe ni protini, na isiwe na klorini. Koroga sabuni kwanza, ndipo uzamishe nguo ikiwa imegeuzwa ndani nje. Ibonyeze kwa viganja kwa dakika 3 hivi, bila kuisugua wala kuipikicha, na jumla isikae majini zaidi ya dakika 10. Unapoitoa, ibebe kwa mikono miwili kwa chini. Sufu iliyolowa ni nzito na ukiishika mabegani itarefuka kwa uzito wake. Suuza mara 2 kwa maji ya joto lilelile. Suuzo la mwisho liwe na kijiko 1 cha chakula cha siki nyeupe kwa lita 5, kuondoa mabaki ya sabuni yanayofanya nguo iwe ngumu.

Usikamue. Itandaze juu ya taulo kavu, ikunje pamoja na taulo, bonyeza, kisha ilaze kivulini penye hewa na uirudishe kwenye umbo lake kwa mikono ingali mbichi. Hapo ndipo kazi nzima inapofaulu au kuharibika, kwa hiyo pima urefu wa mikono na upana wa kifua kabla ya kuifua, uandike, na uvifuate vipimo hivyo. Viskosi, yaani kitambaa laini kinachotengenezwa kwa massa ya mbao, nayo iguse taratibu, kwani hupoteza nguvu nyingi ikilowa na huchanika kirahisi.

Koti la suti ni habari nyingine. Ndani ya kifua na kola mara nyingi kuna kitambaa kigumu kilichogandishwa kwa gundi. Likizamishwa, gundi inaweza kuachia na kifua kikafanya malengelenge yasiyonyooshwa kwa pasi. Usilizamishe. Lipige brashi ya manyoya laini baada ya kulivaa, kuelekea chini. Litundike kwenye hanga pana usiku mzima lipate hewa. Kwa mikunjo na harufu, tumia mvuke ukiwa umeshika chombo umbali wa sentimita 5 hivi, kisha liache likauke kabisa kabla ya kulivaa. Kola yenye uchafu isafishe kwa kitambaa chenye maji na sabuni kidogo, halafu kitambaa chenye maji matupu.

Doa la mafuta linyunyizie wanga wa mahindi mara moja, uache nusu saa au zaidi, ukung'ute, urudie. Doa la damu au maziwa ni maji ya baridi tu, joto huligandisha. Petroli au mafuta ya taa visitumike kamwe: mvuke wake, hasa wa petroli, huwaka kwa cheche ndogo, hata ya umeme unaotokana na nguo kusuguana.

Ikibidi fundi, tafuta anayefua kwa maji kitaalamu, mwenye mashine inayodhibiti joto na mzunguko na dami la mvuke, yaani sanamu la kuvalisha nguo linalopuliza mvuke, la kurudishia koti umbo. Kaboni dioksidi iliyoshinikizwa hadi kuwa kimiminika nayo ni nzuri, ila mashine zake ni ghali na adimu. Neno "oganiki" kwenye bango lisikutulize, kwa sababu dawa za petroli na hata perki ni kemikali oganiki kwa maana ya kikemia, yaani zina kaboni. Uliza jina la dawa yenyewe. Akikutajia propili bromidi, ondoka na nguo zako: inaharibu mishipa ya fahamu.

Na nguo iliyokwisha kupita kwenye perki, ivue mfuko wa plastiki nje ya nyumba na uitundike kwenye hewa hadi harufu iishe, ndipo uiingize kabatini.