Jinsi ya kufuatilia matokeo ya wanamichezo wa Ujerumani ukiwa Mbeya, na kwanini usizime simu kabla ya jaribio la sita

Wanambeya ugonile, wa Iringa na Njombe kamwene. Kila yakianza mashindano makubwa hapa Mwanjelwa naulizwa maswali yaleyale, Mjerumani kapata ngapi, mbona kashuka, mbona mpira wao umekuwa hivo. Mi naona tatizo ni kwamba wengi wanamsoma Mjerumani kwa vitu viwili tu, mpira na jedwali la medali, na vyote viwili vinadanganya. Kwa hiyo naweka hapa namna ninavyofuatilia mwenyewe, we chukua kinachokufaa.

Kwanza kabisa mpira uuweke pembeni. Sisemi usiangalie, mi naangalia na naumia vizuri tu. 2014 walimpiga Brazil 7-1 kwao Belo Horizonte wakabeba kombe kwa goli la Götze dakika ya 113, afu 2018 wakaishia makundi baada ya Korea Kusini kuwafunga 2-0, 2022 makundi tena, safari hii Japan ndo ikawaharibia kwa 2-1. Euro 2024 wako nyumbani kwao wakatolewa na Hispania, goli la Merino dakika ya 119, hilo mpaka leo sijalimeza. Ila ukikaa kwenye vibanda umiza tu ukisubiri mpira utakosa mambo mengine makubwa kabisa, maana Septemba 2023, kipindi kilekile watu wanazika michezo ya Ujerumani, timu ya basketi ilikuwa Manila inamfunga Serbia 83-77 na kuchukua ubingwa wa dunia bila kupoteza mechi hata moja, Dennis Schröder akawa mchezaji bora wa mashindano. Mtaani kwangu hakuna aliyejua! Miaka miwili mbele, 2025, wakabeba na Ulaya pale Riga, wamemfunga Uturuki 88-83, na Schröder bora tena.

Sasa muda, maana hapa ndo watu wanapopotea. Sisi saa zetu hazibadiliki, wao wanabadilisha. Majira yao ya joto, kuanzia mwisho wa Machi mpaka mwisho wa Oktoba, tunawazidi saa 1 tu, kwa hiyo riadha ya jioni inayoanza saa 2 usiku kwao huku ni saa 3 usiku, ushakula ushatulia. Baridi kwao tunawazidi saa 2, ikawa saa 4. Michezo ikiwa bara lingine piga hesabu upya kabla hujanunua bando, usije ukanunua la usiku kumbe fainali ni mchana. Televisheni zao za taifa, ARD na ZDF, matangazo mengi ya moja kwa moja yamefungwa kwa watu walio nje ya nchi yao, usihangaike nayo sana. Mi natumia kurasa za matokeo za mashindano yenyewe, ni herufi na namba tupu, zinafunguka hata mtandao ukiwa wa kusuasua kule juu Uporoto. Klipu naangalia baadaye nikipata mtandao mzuri, na habari za michezo nasikiliza DW Kiswahili.

Ukifungua hiyo kurasa ya matokeo utakutana na vifupisho. GER ndo Ujerumani ya sasa. Ukiona GDR ni ile ya Mashariki ya zamani na FRG ni ya Magharibi. PB maana yake mtu kafanya vizuri kuliko alivyowahi kufanya maisha yake yote, SB ni bora yake ya mwaka huo. DNS hakuanza, DNF hakumaliza, NM hana hata jaribio moja lililohesabiwa. Kwenye kuruka na kutupa, x ni jaribio lililoharibika na kistari ni kwamba kalipita kwa hiari yake. Mi huwa naangalia PB kwanza kabla hata ya nafasi. Mtu kamaliza wa saba na PB yake, huyo kafanya kazi. Mtu kapata shaba mita nyingi chini ya SB yake, huyo kaokolewa na wenzie kuwa wabovu.

Hizo GDR ziweke fungu lake. Rekodi ya dunia ya mita 400 wanawake, 47.60 ya Marita Koch, iliwekwa 1985 na bado iko pale, hata Sydney McLaughlin-Levrone wa Marekani alipokimbia 47.78 Tokyo 2025 hakuifikia. Baada ya ukuta wa Berlin kuanguka nyaraka zilionyesha serikali ya Mashariki ilikuwa na mpango mzima wa kuwapa wanamichezo dawa, wengine bado watoto wa shule, tena bila kuambiwa ni nini. Mi hao watoto nawahurumia, wala siwatukani, ila namba zao sizitumii kumpimia binti wa leo. Ni kumwonea.

Haya tuje kwenye moyo wa jambo lenyewe. Mjerumani msome kwenye jaribio la mwisho. Kwenye fainali ya kuruka au kutupa kila mtu anapewa majaribio matatu, wa chini wanakatwa, waliobaki wanaendelea mpaka la sita, na hapo kwenye la sita ndo nimeona mambo yao mengi. Mchukue Malaika Mihambo wa kuruka umbali (long jump), ambaye sisi wengine tunamhesabu kama wa kwetu maana baba yake ni Mzanzibari. Tokyo, ile olimpiki iliyochezwa 2021, Malaika anaingia jaribio la sita huku Brittney Reese wa Marekani na Ese Brume wa Nigeria wote wana mita 6.97, yeye yuko nyuma yao. Akaruka 7.00 kamili. Sentimita 3! Na mashindano ya dunia Doha 2019 kidogo akatwe mapema, ruko la kwanza baya, la pili kaharibu, la tatu ambalo ndo lingemrudisha hotelini akaruka 7.30 na mashindano yakaishia hapo, wenzie walikuwa wanagombea fedha tu. Tangu hapo kachukua dunia tena 2022 kwa 7.12, fedha Paris kwa 6.98 na fedha tena Tokyo 2025 kwa 6.99, zote mbili nyuma ya Tara Davis-Woodhall. Kuna watu wanasema Malaika kaisha. Mtu anapata medali kila fainali kubwa na bado mnasema kaisha? Mi nasema tumheshimu.

Mwingine ni Yemisi Ogunleye wa tufe, baba yake Mnaijeria, binti wa kanisani kabisa, anaimba gospo. Paris 2024 alikuwa anaongozwa na Wesche wa New Zealand kwa 19.86, jaribio la sita, la mwisho, akasukuma 20.00 na dhahabu ikawa yake. Itafute hiyo klipu umwangalie kabla hajaingia kwenye duara, midomo yake inacheza, anajisemea maneno, afu anazunguka mara moja tu na tufe limeenda. Na Renars Uscins wa mpira wa mikono hapohapo Paris, robo fainali na Ufaransa wenye nyumba, sekunde za mwisho kabisa anasawazisha, wakaingia muda wa nyongeza wakashinda 35-34. Aliyezima kabla ya hapo hajui alichokosa.

Dekathloni nayo inataka uvumilivu, ni michezo kumi siku mbili, na watu wengi wanaangalia mita 100 ya kwanza afu wanasahau. Kwa Wajerumani fanya kinyume, siku ya kwanza angalia pointi tu, siku ya pili kaa kuanzia mkuki, ambao ni mchezo wa tisa. Niklas Kaul alichukua ubingwa wa dunia Doha 2019 akiwa na miaka 21, siku ya kwanza hakuwa hata karibu na tatu bora, afu akatupa mkuki 79.05 na mambo yakageuka. Leo Neugebauer Paris 2024 alikosa dhahabu kwa pointi 48 tu, akapata fedha, na Tokyo 2025 akawa bingwa wa dunia kwa 8804 dhidi ya 8784 za Owens-Delerme wa Puerto Rico. Pointi 20 kwenye mita 1500 ni kama sekunde 3, yani jamaa mwenye mwili mkubwa vile, siku mbili katupa karuka kakimbia, afu anatakiwa asichelewe hata sekunde chache kwenye mbio anayoichukia. Hiyo kwangu ndo dhahabu bora ya Ujerumani miaka ya karibuni.

Ila usisome washindi peke yao, soma na nafasi ya nne. Julian Weber wa mkuki ananipa presha. Olimpiki ya Tokyo wa 4, dunia Eugene 2022 wa 4, dunia Budapest 2023 wa 4, Paris wa 6, Tokyo 2025 wa 5. Na huyohuyo 2025 alitupa 91.06 Doha kwenye jaribio la mwisho akampita Neeraj Chopra aliyekuwa ametupa 90.23, afu Zurich akatupa 91.51. Mi sikubaliani na wanaosema hana moyo, angekuwa hana moyo asingetupa la mwisho la Doha. Ninavyoona anafika fainali kubwa akiwa ameshatupa sana msimu mzima. Johannes Vetter naye alikuwa na 97.76 ya mwaka 2020, ya pili kwa ubora katika historia nyuma ya Zelezny, akaenda olimpiki akawa wa 9, sehemu ya kukimbilia ilikuwa laini mguu wake wa kukanyagia haukushika vizuri. Kwa hiyo mkuki usiutabirie kwa SB.

Jedwali la medali za olimpiki sasa. Rio 2016 walipata 42, Tokyo 37, Paris 33. Inashuka, hilo sibishi. Lakini dhahabu Tokyo 10 na Paris 12, kwa hiyo ukihesabu jumla tu unaona kuporomoka, ukihesabu dhahabu unaona wamepanda kidogo. Muhimu zaidi angalia zimetoka wapi, kwenye zile 12 za Paris nne ni za farasi na mbili za kayaki, michezo ambayo inataka mali na miundombinu ya miaka mingi. Msimu wa baridi ndo zaidi, Beijing 2022 kwenye michezo ya kuteleza kwenye njia za barafu zilikuwepo dhahabu 10 wao wakabeba 9, na siri haiko mbali, wana njia za aina hiyo nne nchini kwao, Altenberg, Oberhof, Winterberg na Königssee, ingawa ya Königssee iliharibiwa na mafuriko 2021. Wanamichezo wao wengi wameajiriwa jeshini na polisi, mshahara unaingia wao kazi yao ni mazoezi. Hili tusilishangae, Alphonce Simbu wetu wa marathoni naye ni mwanajeshi wa JWTZ.

Riadha ndo nilikuwa naiogopea. Budapest 2023 walitoka na sifuri, medali hata moja hakuna, haijawahi kutokea mashindano ya dunia. Miaka miwili baadaye Tokyo wakapata tano, Neugebauer dhahabu, Mihambo, Hummel wa nyundo na Petros wa marathoni fedha, na kinadada wa kupokezana vijiti 4x100 shaba. Hawajarudi walipokuwa, ila wanarudi.

Na hapo kwa Petros ndo naulizwa, siku Mjerumani akikutana na Mtanzania unakaa wapi. Jibu langu halina kona. Septemba 15, 2025 Amanal Petros, mzaliwa wa Eritrea aliyefika Ujerumani kama mkimbizi, aliingia uwanjani Tokyo anaongoza marathoni ya dunia, huku kwetu usiku wa manane, na Alphonce Simbu yuko nyuma yake anakuja. Mita za mwisho kabisa Simbu kamfikia, Petros kajirusha mbele kaanguka, wote saa 2:09:48, wakaangalia picha, Simbu kashinda kwa sekunde 0.03. Nilishangilia Simbu kwa sauti yangu yote, dhahabu ya kwanza ya dunia kwa nchi yetu, afu kesho yake nikaangalia upya mkimbio wa Petros kwa heshima kubwa.

Wazee wa Iringa nao wana lao, wananikumbusha vita vya Mkwawa na Wajerumani, Lugalo 1891, Kalenga 1894, fuvu la Mkwawa limerudi 1954, we unashangiliaje hao. Nawaelewa na siwabishii, hayo yalitokea na rais wao Steinmeier mwenyewe alikuja Songea Novemba 2023 akaomba msamaha. Mi nashangilia binti wa Mzanzibari, mtoto wa Mnaijeria, mkimbizi wa Eritrea na Neugebauer mwenye baba wa Kameruni, wanaovaa jezi ile leo.

Kwa ratiba ya mbele jipange hivi. Mashindano ya dunia ya riadha 2027 yako Beijing mwezi Septemba, China wanatuzidi saa 5, kwa hiyo fainali za saa 2 usiku kwao ni saa 9 alasiri huku, ukiwa dukani weka simu chaji mapema. Los Angeles ni Julai 2028, wako nyuma yetu saa 10, fainali za jioni zitaangukia saa 10 au 11 alfajiri, na Julai ya Mbeya mnaijua, andaa blanketi na chai ya tangawizi. Safari hii riadha inaanza wiki ya kwanza na kuogelea kunafuata, kinyume na tulivyozoea, kwa hiyo Lukas Märtens, mwenye rekodi ya dunia ya mita 400 kwa 3:39.96, usimtafute siku za mwanzo.