Peasi huchumwa kabla halijaiva

Natunza mipeasi Kent, Uingereza, na jambo ninalosisitiza kwanza ni hili: usipande mbegu. Mti huu, uliotokana na mipeasi pori ya Ulaya na milima ya Caucasus, hauzai kwa mbegu tunda lile lile la mama. Ndiyo maana aina ya Conference, iliyotoka kitalu cha Thomas Rivers na kuonyeshwa London mwaka 1885, imeendelea hadi leo kwa kubebeshwa, yaani kijiti chake kuunganishwa na shina la mti mwingine. Kata kijiti Januari mti ukiwa umepumzika, ukibebeshe Machi juu ya shina la kwinsi, mti ulio jamaa ya mpeasi. Mti utabaki mfupi na kuzaa mapema. Jirani yake panda aina nyingine inayochanua wakati mmoja, kama Williams, nyuki wapate kupeleka chavua.

Kuchuma ndiko kunakotaka jicho. Peasi likiachwa liive mtini huharibika kuanzia moyoni, huku nje likionekana zima. Septemba, liinue taratibu kiganjani hadi lilale; kikonyo kikiachia bila kuvutwa, limekomaa. Yaweke kwenye baridi, kisha yaingize ndani siku chache. Bonyeza karibu na kikonyo: pakilegea kidogo, kula siku hiyo hiyo.