Kuleta jenereta kubwa Zanzibar kwa meli: anza na kibao cha mashine

Waliokuwepo Unguja kati ya Disemba 2009 na Machi 2010 wanajua kwa nini kila mwenye hoteli Nungwi au kiwanda cha barafu anataka jenereta yake. Njia ya umeme ya chini ya bahari kutoka bara iliharibika, na kisiwa kikakaa gizani takriban miezi mitatu. Waya mkubwa zaidi ulianza kazi 2013, lakini jenereta bado zinaagizwa, na wengi wanaoagiza kwa mara ya kwanza huanza na bei. Mimi nakuomba uanze na kibao.

Kibao ni kile kipande cha bati kilichopigwa misumari ubavuni mwa mashine. Kabla hujatuma hata shilingi, mtake muuzaji akipige picha ya karibu, kisafishwe kwanza. Soma hertz: umeme wetu ni hertz 50, volti 230 kwa njia moja na 400 kwa njia tatu. Mashine iliyotumika Saudi Arabia ina uwezekano mkubwa wa kuwa ya hertz 60, na bei nzuri isikupumbaze. Soma kVA (ukubwa wa umeme inaoweza kutoa), uzito, mwaka na namba ya mashine. Halafu mwambie achukue futi ya kupimia: urefu, upana, na kimo pamoja na bomba la moshi. Mlango wa kontena la kawaida la futi 20 una kimo cha kama sentimita 228 na upana wa kama 234. Ikizidi hapo, uliza kontena la futi 40 lenye kimo kikubwa zaidi (high cube), au lililo wazi juu, na nauli itapanda.

Ikiwa unanunua transfoma kuukuu badala ya jenereta, dai karatasi ya kipimo cha mafuta yake. Mafuta ya zamani yenye PCB ni sumu inayodhibitiwa na Mkataba wa Stockholm, na hutaki kuyapokea nyumbani kwako wala kisiwani.

Hatua inayofuata ni cheti cha ubora, nacho huombwa huko mzigo unakotoka, kabla haujapakiwa. Taasisi ya Viwango Zanzibar (ZBS) ina kampuni za ukaguzi ilizoziidhinisha nje ya nchi. Muuzaji hupeleka ankara, orodha ya vifurushi na ripoti za majaribio, mkaguzi anaiona mashine, ndipo cheti kinatoka. Usikubali kuambiwa "tutamalizana Malindi," yaani bandarini Unguja.

Wakati huo huo hakikisha una TIN (namba ya mlipakodi), na tafuta wakala wa forodha mwenye leseni. Mpe picha ya kibao siku hiyo hiyo, asingoje meli ifike.

Kufungasha ni kazi ya muuzaji, lakini hasara ni yako, kwa hiyo fuatilia. Dizeli imwagwe yote, betri zifunguliwe na ncha zake zizibwe. Mashine ya tani tano haifai kukalia sakafu ya kontena kwa vipande vidogo vya chuma. Itandikiwe magogo mapana yanayogawa uzito, ifungwe kwa minyororo pande zote nne. Mbao zote ziwe zimetibiwa na kupigwa muhuri wenye shuke la ngano na herufi HT. Tangu Julai 1, 2016, kontena halipakiwi melini bila uzito wake kuthibitishwa kwa kupimwa, na uzito huo uendane na uliomo kwenye hati zako.

Sasa hati ya shehena, ambayo mawakala huiita BL. Omba rasimu yake kabla haijachapwa rasmi. Jina lako liwe kama lilivyo kwenye TIN, herufi kwa herufi. Bandari ya kushushia iwe Zanzibar, kwa sababu makontena mengi hubadilisha meli njiani, na BL inayoishia Mombasa au Dar es Salaam inakuachia safari ya pili ambayo hukuipangia pesa.

Hapa ndipo nilipoungua. Jenereta yangu ya kwanza ilikuwa na kutu kidogo kwenye kibao, na muuzaji akaandika 3 mahali pa 8 katika namba ya mashine. Kosa hilo likaingia kwenye ankara, orodha ya vifurushi, cheti na BL. Siku ya ukaguzi, afisa alipangusa kibao kwa kitambaa, akazifuata tarakimu kwa kidole, akasimama kwenye ile 8. Hakunionea, mashine iliyopo haikuwa mashine iliyoandikwa. Nilikaa siku 11 nikisubiri karatasi zirekebishwe upya huko zilikotoka, gharama za kuhifadhi zikihesabika kila asubuhi.

Forodha yenyewe huenda haraka karatasi zikikubaliana. TRA huhesabu kodi juu ya bei ya mashine, bima na nauli ya meli kwa pamoja, kwa hiyo hifadhi risiti za vyote vitatu. Jenereta huingizwa chini ya kundi 8502, transfoma 8504, mota 8501. Muulize wakala ametumia lipi, kwani kiwango cha ushuru hutegemea hapo. Sheria ya forodha ya Afrika Mashariki inakupa siku 21 tangu meli ianze kushusha uwe umewasilisha tamko. Wakala mzuri huwasilisha mapema zaidi.

Kwa mzigo wa Pemba, panga winchi ya bandari ya Mkoani kabla chombo hakijaondoka Malindi, na uwatajie uzito wa kwenye kibao, si wa kukadiria. Lori nalo liwe la kubeba tani hizo kwa milima ya Pemba.

Mzigo ukifika kwako, usitie saini upesi. Fungua turubai, angalia radieta, paneli na miguu ya injini. Ukiona pamebonyea, piga picha na uandike kwenye ile karatasi ya kupokelea kabla ya jina lako. Kisha fundi apime unyevu kwenye waya za altaneta (sehemu inayozalisha umeme) kwa mega, kifaa kinachoonyesha kama umeme unavuja kwenye waya. Wiki kadhaa za hewa ya chumvi zinatosha kuzilowesha, na ikiwa kipimo ni kibaya, zikaushwe kwanza ndipo iwashwe.