Viungo vinavyopinda kupita kiasi na ujauzito: mambo ya kuzingatia kabla mgongo haujaanza kuuma

Kama ukikunja kidole gumba kinalala juu ya mkono bila shida, kama magoti yako yanarudi nyuma ukisimama, kama umeteguka kifundo cha mguu mara nyingi mpaka umeacha kuhesabu, basi haya yanakuhusu, hasa ikiwa unapanga kushika mimba au umeshika juzi tu. Mimi mwenyewe niko hivyo. Mimba yangu ya kwanza nilingoja maumivu yaje ndipo nitafute msaada, na kufikia mwezi wa tano nilikuwa navaa viatu kwa kusaidiwa. Ya pili nilijiandaa mapema. Maumivu hayakukosekana, lakini nilijua la kufanya, na waliokuwa karibu nami walijua pia.

Kwanza elewa kinachotokea mwilini. Mfupa na mfupa hufungwa pamoja na kano. Sisi kano zetu huvutika zaidi ya za wengine, kwa hiyo kazi ya kushikilia kiungo huangukia misuli. Mimba inapoingia, homoni za relaksini na projesteroni huzidi kulegeza kano ili nyonga zijiandae kwa kuzaa. Relaksini hupanda mapema, ndani ya miezi mitatu ya kwanza, na ndiyo sababu mgongo na nyonga vinaweza kuanza kuuma wakati tumbo halijaonekana kabisa. Mtu asikwambie unadeka. Maumivu ya nyonga humpata takriban mjamzito mmoja kati ya watano hata miongoni mwa wenye viungo vya kawaida. Wewe umeanza safari ukiwa tayari umelegea.

Kuna jambo moja linalotupoteza wengi. Misuli iliyofanya kazi ya kano siku nzima huchoka na kukakamaa, kwa hiyo jioni unausikia mgongo umekaza kama ubao. Mkono unakwenda wenyewe kutafuta mahali pa kushika ili ujinyooshe. Ukijinyoosha unapata nafuu ya dakika kumi, na kesho yake maumivu yamezidi, kwa kuwa umevuta kile kile ambacho misuli ilikuwa inajitahidi kukishikilia. Mgongo wa namna hii unataka joto la wastani, kupumzika kwa kulala ubavu, na baada ya hapo kutiwa nguvu polepole.

Kabla ya mimba, au mara tu unapojua unayo, jitahidi kujua ulegevu wako ni wa kiwango gani. Wataalamu hutumia kipimo cha Beighton chenye alama 9: vidole vya mwisho vya mikono kurudi nyuma zaidi ya nyuzi 90, vidole gumba kugusa mkono kati ya kifundo na kiwiko, viwiko na magoti kupinda nyuma zaidi ya nyuzi 10, kila upande alama moja, na alama ya mwisho ni kuinama na kulaza viganja sakafuni bila kukunja magoti. Mtu mzima ambaye hajapita miaka 50 akipata 5 au zaidi, viungo vyake huhesabiwa kuwa legevu. Usijipime kila siku ili uwaonyeshe watu, maana kila kipimo ni kuvuta kano upya.

Ulegevu peke yake si ugonjwa, na wengi huishi nao bila maumivu yoyote. Lakini kama ngozi yako huvutika sana au ni nyembamba kiasi cha kuonyesha mishipa, kama makovu yako ni mapana na membamba kama karatasi, kama unavilia damu kwa kuguswa tu, au kama ndugu wa damu alipasukiwa na mshipa mkubwa wa damu au utumbo akiwa bado kijana, mweleze daktari kabla hujashika mimba. Dalili hizo zinaweza kuashiria ugonjwa wa Ehlers-Danlos, yaani ugonjwa wa kurithi wa tishu zinazoshikilia mwili, ambao kwa uainishaji wa mwaka 2017 una aina 13. Aina inayoshambulia mishipa ya damu ni adimu, ila katika ujauzito inaweza kupasua mshipa mkubwa au mfuko wa uzazi. Mwenye aina hiyo anahitaji mpango wa madaktari bingwa tangu mwanzo, na hili si la kusubiri kliniki ya mwezi ujao.

Kama bado una muda kabla ya mimba, utumie kujenga misuli. Makalio, misuli ya ndani ya tumbo, misuli inayoshikilia mgongo na ile ya sakafu ya nyonga, inayoshikilia kibofu na mfuko wa uzazi kutoka chini, ndiyo itakayobeba mzigo. Mtafute mtaalamu wa fiziotherapia na umwambie waziwazi kwamba viungo vyako vimelegea, la sivyo atakupa mazoezi ya kunyoosha kama anavyowapa wengine. Mazoezi yetu yana kanuni moja: acha kabla kiungo hakijafika mwisho wa kupinda. Mwili wetu hautoi onyo mapema. Mwenzako akifika kikomo anasikia kuvutwa, wewe unapita hapo bila kuhisi kitu. Kuogelea ni kuzuri kwa sababu maji hubeba uzito, lakini acha mtindo wa kutanua miguu kama chura. Madarasa ya kujinyoosha ya wajawazito nenda kwa tahadhari, na usikubali kusukumwa eti "una uwezo wa kwenda zaidi".

Jifunze pia kusimama. Ukiwa unaosha vyombo au unasubiri kwenye foleni, jiangalie magoti: mara nyingi utayakuta yamesukumwa nyuma na kiuno kimebonyea ndani, mwili mzima umening'inia kwenye kano. Legeza magoti kidogo, kiasi ambacho mtu hata haoni, ugawe uzito sawa miguu yote miwili. Utachoka haraka mwanzoni. Ni misuli inayoanza kufanya kazi iliyokuwa haifanyi.

Mambo ya nyumbani yazoee kabla tumbo halijawa zito. Kutoka kitandani: kunja magoti yote mawili, yabane pamoja, geuka ubavu mabega na nyonga vikienda kwa wakati mmoja, teremsha miguu, kisha jisukume kwa mikono mpaka ukae. Kaa hapo kidogo kabla ya kusimama. Wengi wetu presha hushuka tukisimama ghafla, na kizunguzungu cha alfajiri kimewaangusha watu. Ukisukuma, usikaze viwiko hadi mwisho. Nguo ya chini na suruali vaa ukiwa umekaa. Kuingia kwenye gari, tanguliza makalio kisha ingiza miguu yote pamoja. Ngazi zipande moja moja: kupanda tanguliza mguu wenye nafuu, kushuka tanguliza unaouma. Viatu viwe vinavyoshika kisigino.

Usiku lala ubavu, mto ukae kati ya miguu kuanzia magotini hadi kwenye vifundo, si magotini tu, maana mguu wa juu ukining'inia huivuta nyonga usiku kucha. Kumbatia mto mwingine kama bega lako huchomoka. Kuanzia wiki ya 28 wajawazito wote hushauriwa kuanza usingizi wakiwa wamelala ubavu kwa ajili ya usalama wa mtoto. Ukizinduka umelala chali, geuka tu, usijilaumu.

Mkanda wa nyonga husaidia baadhi yetu. Huvaliwa chini ya tumbo, kuzunguka mifupa ya nyonga, na ukifungwa vizuri unahisi hatua imekuwa nyepesi papo hapo. Kama huoni tofauti, au ganzi inaingia mapajani, haukufai au umefungwa vibaya. Magongo nayo yafikirie mara mbili, kwa sababu uzito unaoondoka kwenye nyonga unahamia kwenye vifundo vya mikono na mabega ambavyo navyo ni legevu.

Kuhusu dawa, parasetamoli kwa kipimo sahihi ndiyo hutangulia. Ibuprofeni na diklofenaki usizitumie bila daktari kukuandikia, hasa kuanzia wiki ya 20, kwani zinaweza kudhuru figo za mtoto na kupunguza maji yanayomzunguka.

Na usizoee maumivu kiasi cha kupuuza yaliyo tofauti. Mgongo unaouma kwa kuja na kuondoka kwa mpangilio kabla ya wiki ya 37 unaweza kuwa uchungu wa mapema. Mgongo pamoja na homa, au mkojo unaochoma, inaweza kuwa figo. Ganzi katikati ya mapaja, mkojo au choo kukutoka bila kujua, mguu kuishiwa nguvu, damu au maji kutoka ukeni, mguu mmoja kuvimba na kuuma, kichwa kuuma sana na macho kuona ukungu: hayo yote ni ya kwenda hospitali saa hiyo hiyo.

Sasa siku ya kujifungua, ambayo kwangu ndiyo maandalizi yenye uzito kuliko yote. Andika ukurasa mmoja, uubane kwenye kadi ya kliniki, na mkunga ausome kabla ya siku yenyewe. Eleza kwamba viungo vyako huchomoka na ni vipi hasa. Omba usivutwe kwa mikono wala kushikwa kwapani unapohamishwa. Kama ganzi ya daktari wa meno huchelewa kushika au huisha mapema, liandike hilo, na uonane mapema na daktari wa usingizi, yaani anayetoa dawa za ganzi wakati wa kuzaa. Taja kwamba uchungu wa wenye ulegevu wakati mwingine huenda kasi, ili usiambiwe urudi nyumbani kwa kuwa "ni mapema". Taja pia kwamba vidonda vyetu vinaweza kuchelewa kupona, hivyo nyuzi zishonwe kwa uangalifu na zisitolewe haraka.

Halafu pima kamba. Wiki ya 36 hivi, lala chali kwa muda mfupi mgongo ukiwa umeinuliwa kwa mito, kunja magoti, na yatenganishe taratibu mpaka pale ambapo bado hupati maumivu. Mtu akate kamba yenye urefu wa kutoka goti hadi goti. Hicho ndicho kikomo chako. Ukichomwa sindano ya ganzi mgongoni hutasikia kitu, na watu wenye nia njema kabisa wanaweza kukutanua miguu hadi wakaumiza nyonga, ukaja kugundua kesho yake ganzi imekwisha. Kamba hiyo mkabidhi atakayekuwa nawe chumbani. Kazi yake ni kuangalia magoti. Ukiweza, chagua kuzaa ukiwa umelala ubavu au umepiga magoti na kuegemea mbele. Kama lazima miguu iwekwe kwenye vishikizo, iinuliwe na kuteremshwa yote miwili kwa pamoja.

Baada ya kuzaa ulegevu hauondoki siku hiyo. Huweza kukaa wiki au miezi. Tayarisha mahali pa kumbadilishia mtoto panapofika kiunoni mwako, na mito ya kumwinua afike kwenye titi, badala ya wewe kumwinamia. Ukimnyanyua, pitisha viganja chini yake kama beleshi. Ukimshika kwapani huku vidole gumba vimetanuka, kano za vifundo vya mikono zitakuuma ndani ya wiki chache. Na daktari atakapomkagua mtoto, mwambie kwamba mama ana viungo legevu, ili aziangalie nyonga zake kwa makini.