Jinsi ya kukagua paa la nyumba kabla ya kufunga paneli za sola

Karibu kila nyumba ninayoitwa, swali la kwanza huwa ni hili: "Fundi, paa langu limeelekea vizuri?" Mwelekeo una maana, na tutaupima. Ila nimeona mapaa yaliyoelekea vizuri kabisa yakikwama kwa sababu ya mbao zilizoliwa na mchwa, au kwa kivuli cha nguzo moja ya dishi. Ndiyo maana ninaanzia chini ya paa, gizani, na jua linakuja baadaye. Karibu kazi yote unaweza kuifanya mwenyewe bila kupanda juu ya paa.

Andaa tochi, bisibisi nene, tepu ya kupimia, pimamaji yenye urefu wa mita 1, dira (hata ya simu) na daftari.

Hatua ya 1: Ingia darini

Ingia mchana, jua likiwa kali. Kanyaga juu ya mbao tu, maana dari halibebi mtu. Zima tochi, tulia dakika mbili macho yazoee giza. Kila tundu la msumari lililopanuka litawaka kama nyota, nawe utaliandika lilipo.

Washa tochi sasa, tafuta madoa ya maji yenye ukingo wa kahawia, vijia vya udongo vya mchwa vinavyopanda kutoka ukutani, na unga mwepesi uliomwagika chini ya mbao. Kisha choma bisibisi, hasa pale kenchi (fremu ya mbao inayobeba paa) inapokalia ukuta na pale pau (mbao za kulaza zinazoshika bati au vigae) zinapopigiliwa. Mbao nzima hukataa: ncha inaingia milimita moja au mbili basi. Iliyooza humeza. Kuna nyumba niliyokagua, kenchi zote zimepakwa dawa, ukizitazama huoni kasoro. Niliposhika ya tatu kutoka ukutani, bisibisi ilizama hadi kwenye mpini, na nilipoichomoa ukamwagika udongo mwekundu. Kutoka nje, paa lile lilikuwa limenyooka kabisa.

Kwa nini ninasisitiza mbao? Paneli ya kawaida ya nyumbani siku hizi ina urefu wa takriban mita 1.7, upana wa mita 1.1 na uzito wa kilo 20 hadi 25. Paneli 10 hufika robo tani, bado reli zake (mihimili ya kufungia paneli juu ya paa). Kila mita ya mraba inaongezewa kama kilo 12 hadi 15, mzigo ambao kenchi isiyooza huubeba. Upepo ndio unaonitia wasiwasi zaidi. Ukipita chini ya paneli huivuta juu, na mvuto huo ni mkali kuliko kote kwenye kingo na pembe za paa. Kinachozuia paneli isiruke ni skrubu iliyoshika mbao. Mbao ikiwa laini, hakuna skrubu itakayokuokoa.

Ukitoka, simama mbali na nyumba uangalie mstari wa kofia ya paa. Ukiwa umebonyea katikati, mwite mhandisi wa majengo au seremala mzoefu kabla ya kuendelea na hatua yoyote.

Hatua ya 2: Tambua paa limeezekwa kwa nini

Mabati ndiyo rahisi kufanyia kazi. Kumbuka namba ya geji ikipanda, bati linapungua unene: geji 28 ni nene kuliko geji 30. Hata bati nene halitoshi kushika reli peke yake, kwa hiyo skrubu lazima ifike kwenye mbao, ipitie kwenye mgongo wa bati na kamwe si kwenye bonde ambako maji hupita, na iwe na washa ya mpira. Kutu ya juu juu husuguliwa na kupakwa rangi. Kutu inayobomoka ukiigusa maana yake ni bati jipya.

Vigae vinafaa, ila vinavunjika. Ndoano za kushikia reli hupita chini ya kigae na kufungwa kwenye mbao, na ni vema kuwa na vigae vya akiba kabla kazi haijaanza. Paa la zege linabeba fremu zenye vizito bila kutobolewa, mradi mhandisi ameridhika na uzito huo.

Makuti na nyasi sifungi. Moto ni hatari, hakuna pa kushikia, na paa lenyewe hubadilishwa mapema mno. Asbesto usiitoboe, usiikate, wala usiikanyage: vumbi lake husababisha saratani ya mapafu, na kipande kilichozeeka hupasuka ghafla chini ya mguu.

Jambo la mwisho hapa ni umri. Paneli nyingi hupewa dhamana ya utendaji ya miaka 25. Paa lako likiwa limebakiza chini ya miaka 10, lezeke upya kwanza. Kushusha mfumo mzima ili ubadilishe mabati ni kulipia kazi ileile mara mbili.

Hatua ya 3: Fuatilia kivuli

Hapa usiharakishe. Paneli kwa kawaida huunganishwa kwa mfululizo, kama watu waliojipanga kupokezana ndoo za maji: mmoja akilegea, mstari wote unalegea. Ndani ya paneli yenyewe, seli (vipande vidogo vinavyozalisha umeme) kwa kawaida zimegawanywa mafungu 3, kila fungu na diodi yake ya kuchepusha umeme. Kivuli kikiziba seli moja tu, fungu zima linaweza kurukwa, na theluthi ya nguvu ya paneli hiyo ikapotea. Kivuli cha nguzo ya dishi, chembamba kama kiganja, kikilala juu ya paneli 4 kinaweza kufanya hivyo kwa zote 4. Kuhamisha nguzo ni kazi ya asubuhi moja. Ihamishe.

Piga picha za paa saa 3 asubuhi, saa 6 mchana na saa 9 alasiri, ukiwa umesimama palepale. Hizo ndizo saa zinazobeba sehemu kubwa ya umeme wa siku. Kivuli cha kabla au baada ya hapo hakiniumizi kichwa sana.

Picha za siku moja hazitoshi, kwa sababu njia ya jua huhama. Tarehe 21 Juni hivi jua huwa limefika mwisho wake wa kaskazini, na tarehe 21 Desemba hivi mwisho wa kusini. Anayeishi karibu na ikweta akikagua mwezi wa Juni ataona mti ulio kusini mwa nyumba hauna shida. Desemba, mti huohuo unatupa kivuli kuelekea paani.

Kukadiria kivuli, simika kijiti cha mita 1 mahali palipo sawa, upime kivuli chake saa 9 alasiri. Kikiwa mita 1.2, basi mti uliozidi usawa wa paa kwa mita 5 utafikisha kivuli mita 6. Rudia kipimo hicho Juni na Desemba ukiweza. Na mti mchanga uuhesabu kwa kimo chake cha miaka ijayo.

Hatua ya 4: Pima mwelekeo na mteremko

Usitumie dira juu ya mabati au karibu na geti la chuma, itakudanganya. Simama uwanjani, mita kadhaa kutoka nyumbani. Nusu ya kaskazini ya dunia, upande bora wa paa ni unaotazama kusini. Nusu ya kusini, unaotazama kaskazini. Ukiwa mbali na ikweta, upande wa mashariki au magharibi hupoteza mara nyingi asilimia 10 hadi 20, na bado unafaa. Karibu na ikweta, mteremko ukiwa mdogo, tofauti kati ya pande ni ndogo kiasi kwamba mimi huchagua upande usio na kivuli, nikamaliza.

Mteremko upime ukiwa darini. Gusisha ncha moja ya pimamaji kwenye mbao ya mteremko, ilaze iwe sawa, kisha kutoka ncha ya pili pima kwenda juu hadi kwenye mbao. Sentimita 18 ni nyuzi 10, sentimita 27 ni nyuzi 15, 36 ni nyuzi 20, na 58 ni nyuzi 30. Mteremko unaokaribia latitudo ya mahali ulipo (umbali wake kutoka ikweta kwa nyuzi) ni mzuri. Usishuke chini ya nyuzi 10, la sivyo mvua haitasafisha vumbi na kinyesi cha ndege.

Acha nafasi ya kama sentimita 10 kati ya paneli na paa ili hewa ipite. Seli ikipita nyuzi joto 25, kila nyuzi inayoongezeka hupunguza nguvu kwa asilimia 0.3 hadi 0.4.

Hatua ya 5: Hesabu paneli zinazoingia

Wengi hugawanya eneo la paa kwa eneo la paneli, na jibu linawadanganya. Chukua upande wenye mita 7 kwa 4.2, eneo la mita za mraba 29.4. Ukigawanya unapata kama paneli 15. Sasa acha sentimita 30 kila ukingo: zinabaki mita 6.4 kwa 3.6. Ukisimamisha paneli, urefu wake ukifuata mteremko, zinaingia safu 2 za paneli 5, yaani 10. Ukizilaza zinaingia 9. Chora kwenye daftari, pamoja na bomba la hewa na chochote kinachotokeza.

Paneli 10 za wati 400 ni kilowati 4. Mahali penye wastani wa saa 5 za jua kamili kwa siku (jua lote la siku likihesabiwa kama saa za jua kali), ukitoa robo kwa ajili ya joto, vumbi, nyaya na inveta (kifaa kinachobadilisha umeme wa paneli uwe wa matumizi ya nyumbani), unabaki na takriban uniti 15 kwa siku. Saa za jua za kwako utazipata bure kwenye Global Solar Atlas ya Benki ya Dunia, au PVGIS ya Kamisheni ya Ulaya.

Linganisha uniti hizo na matumizi yako ya siku. Paa likishindwa kwenye hatua ya 1 au ya 2 na huna uwezo wa kulitengeneza sasa, fremu ya chuma uwanjani hufanya kazi hiyohiyo, mradi hatua ya 3 uirudie upya hapo chini, kwa sababu kivuli cha ukuta na cha nyumba yenyewe kitakuwa kirefu zaidi.