Kukisia kina kwa kutazama wanyama wa sakafu ya Antaktika

Mimi huchambua picha za chini ya bahari, na kabla ya kusoma kipimo cha kina hujipima kwanza: hapa ni mita ngapi? Jaribu hivyo kwa picha za McMurdo Sound, mkono wa bahari huko Antaktika.

Anza na mawe. Yakiwa karibu matupu, na kuna viti vya pweza (wanyama wenye umbo la nyota) wachache wanaotambaa, uko kwenye kina kisichozidi mita 15. Huko barafu hujishika sakafuni, huwanasa wanyama, kisha huelea nao juu. Anayekaa mahali pamoja hadumu. Anayetembea hurudi barafu ikiondoka. Ukiona anemoni, wanyama laini wanaofanana na maua, na matumbawe laini, weka mita 15 hadi 33.

Zikitokea sponji, wanyama wenye vitundu wanaokaa mahali pamoja, tulia. Kwenye kina kinachozidi mita 33 ndiko kwenye utajiri: sponji za kioo, ambazo kiunzi chao ni kama nyuzi za kioo, zilizosimama kama mitungi, nyingine zikimzidi mtu kwa ukubwa, na juu yake wamekwea wanyama wengine wanaotafuta mkondo wenye chakula. Picha moja ya hapo hunimalizia asubuhi nzima.

Usidanganywe na uwanja mtupu katikati ya msitu huo. Milima ya barafu inayoelea hukwangua sakafu hata kwenye mamia ya mita. Mimi nilishawahi kuandika “kina kifupi” kwa kosa hilo. Tafuta mfereji ulionyooka, alama ya mlima wa barafu uliopita.

Kwenye vilindi vya matope, hesabu majongoo bahari. Chakula kinachofika huko ni haba, na wanyama hutawanyika.