Lenzi zenye dawa ya aleji ya macho: jinsi ya kuzivaa vizuri

Kama uko Marekani ama Kanada na kila maua yakianza kuchanua macho yanakuwasha mpaka lenzi zako za kuvaa machoni hazivaliki, soma hii. Kuna lenzi laini ambazo dawa imo ndani tayari, zinaitwa Acuvue Theravision, za Johnson & Johnson, Japani na Kanada walizikubali 2021 halafu FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, wakafuata 2022. Kila lenzi ina mikrogramu 19 za ketotifeni, dawa ya aleji, na inazuia muwasho mpaka masaa 12.

Utauliza kwani matone yana shida gani. Machozi yanayofunika jicho ni kama mikrolita 7 tu, tone moja ni 30 mpaka 50, sasa hiyo nyingine yote inamwagika shavuni ama inapita kwenye kinjia cha machozi mpaka puani na kooni, ndo maana unasikia uchungu mdomoni, na inayoingia kwenye jicho lenyewe kwa kawaida haifiki asilimia 5. Lenzi inakaa palepale juu ya konea, ile sehemu angavu ya mbele ya jicho, na kuachia dawa kidogo kidogo, kwa hiyo dawa inapata muda wa kufanya kazi.

Anza kwa daktari wa macho, akuambie kama bado zinapatikana, usianzie kwa muuzaji wa mtandaoni. Hizi ni za mtu anayewashwa na aleji lakini macho yake sio mekundu, na astigmatizimu, yaani jicho lisilo na mviringo sawa linaloona vitu vimepinda ama vya ukungu, isizidi daiopta 1 (kipimo cha nguvu ya lenzi), hayo huwezi kujipima mwenyewe kwenye kioo.

Asubuhi nawa mikono kwa sabuni, kausha kabisa, maji ya bomba yasiguse lenzi hata kidogo maana kuna kijidudu kinaitwa akantamiba kinaishi humo na kikiingia kwenye konea kinaweza kukupofusha. Kama unatumia matone mengine weka hayo kwanza, subiri dakika 10, ndo uvae. Jioni toa, tupa, kesho fungua mpya. Usilale nazo.

Sasa hili naomba sana mlisikie, msichukue lenzi za kawaida mkazilowesha kwenye dawa ya matone nyumbani. Lenzi iliyoloweshwa inamwaga karibu dawa yote masaa ya mwanzo, jicho linapigwa na dozi kubwa halafu baadaye hakuna kitu, na pia matone mengi yana benzalkoniamu kloraidi ya kuzuia bakteria, hiyo inajikusanya ndani ya lenzi laini na kuunguza ngozi ya juu ya konea. Kuizuia dawa isitoke yote kwa mkupuo ndo kazi iliyowatesa watafiti miaka na miaka, kule Florida wakajaribu kuweka vitamini E ndani ya lenzi iwe kizuizi, Boston wakaficha dawa kwenye utando mwembamba wa plastiki katikati ya lenzi. Bakuli la jikoni haliwezi hiyo kazi.

Na kama daktari amekuvalisha lenzi ya bandeji, ile ya kufunika na kulinda jicho, kwa sababu ya kidonda cha konea, hiyo ni kitu kingine, usiitoe mwenyewe, endelea na matone aliyokuandikia na urudi tarehe aliyokupa.

Ukiwa na hizi za aleji, jicho likiwa jekundu, likauma, mwanga ukakuchoma ama ukaanza kuona ukungu, toa lenzi hapohapo, usivae nyingine, nenda hospitali siku hiyohiyo na ile lenzi uibebe kwenye kikopo safi ili wakitaka waipime.